Kipande Nilichokikata Chini ya Orodha

Vijana, mnakuja hapa kwangu Bariadi, mnanipa shikamoo ya haraka, kisha mnaninyooshea simu: "Mwalimu, tazama mwenyewe, hiki ndicho chuo namba moja." Nami kila mara nawajibu neno lilelile, shuka mpaka chini kabisa ya ukurasa. Wengi hamshuki. Mnadhani babu macho yamechoka, anataka aonyeshwe orodha nzima. Basi nimeamua kuandika, mdomo nao upumzike.

Nimefundisha baiolojia zaidi ya miaka thelathini. Nilianzia Maswa, nikamalizia hapahapa Bariadi, siku ambazo mkoa ulikuwa bado Shinyanga na neno Simiyu lilikuwa jina la mto tu. Pamoja na baiolojia nilikuwa na kazi ya pili, kuwashauri wanaomaliza kidato cha sita waombe vyuo gani. Msidhani niliisomea. Mwenzangu aliyekuwa nayo alihamishwa, mkuu wa shule akaitisha kikao cha kumpata wa kushika nafasi yake, mimi nikachelewa kwa sababu ya pancha. Nilipoingia wote wakanitazama kwa upendo ambao sikuwahi kuuona kabla, nikajua nimeshapangiwa kazi.

Mwanzoni ilikuwa kazi nyepesi. Vyuo vikuu vilikuwa vichache mno, vyote vya serikali, na kushauri kulimaanisha kumkumbusha mtu aandike jina lake kwa herufi kubwa. Kisha likaja soko huria. Sisi wa huku tuliliona kwanza kwenye pamba. Zamani ushirika ulikuwa mnunuzi peke yake, na karani wake hakuangalia juu ya gunia. Alizamisha mkono mpaka kwenye kwapa, akatoa pamba ya chini, akaitazama, ndipo akasema hii safi, hii fifi, yaani chafu ya daraja la pili. Walipokuja wanunuzi binafsi, kila mmoja anamkimbilia mkulima kabla ya mwenzake, mikono ikaacha kuzama. Wakawa wanatazama juu tu. Na watu wa kwetu wakajua cha kuweka chini. Sitawataja, wengine ni shemeji zangu.

Baada ya pamba ikaja zamu ya vyuo. Vikafunguliwa vipya, vya watu binafsi na vya dini, na vya zamani navyo vikaamka kujitangaza. Redioni chuo, gazetini chuo, kwenye bango la stendi chuo. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini wakati ule vizuri na vibaya vyote vilikuwa barabarani vinatembea, na mzazi wa kijijini Ipililo angevitofautishaje? Wakawa wananiuliza swali moja: namba moja ni kipi? Mimi nina ugonjwa wa kutopenda kusema sijui. Nikapanda basi kwenda Mwanza kutafuta jibu.

Intaneti ya kulipia ilikuwa ngeni. Binti mhudumu alinitafutia, nikaona kwa macho yangu orodha ya vyuo vya Afrika, vyetu vimo, kila kimoja na namba yake. Nilifurahi sana. Nikachapisha kurasa mbili, nikazikunja ndani ya kitabu zisipate vumbi njiani. Shuleni nilizigundisha pamoja ili nizibandike kwenye ubao wa matangazo, ule wenye mlango wa kioo. Karatasi ikazidi urefu wa ubao, mlango ukakataa kufunga. Chini kulikuwa na maandishi madogomadogo ya Kiingereza. Nikachukua mkasi, nikayakata, mlango ukafunga vizuri. Kisha kwa kalamu nyekundu nikapigia mstari chuo cha kwetu kilichokuwa juu kuliko vingine vyote vya nchini.

Ndani ya wiki moja wanafunzi walikuwa wanaikariri kama msimamo wa ligi. Walitaniana kwa namba. Aliyetaka chuo cha katikati aliitwa mshuka daraja. Mimi nilipita mbele ya ule ubao nimeweka mikono nyuma, nimeridhika kabisa.

Sasa niwaambie habari za Kabula. Alikuwa mtoto wa kijiji cha Mwamapalala, mkimya, baiolojia yake sijaona tena. Alipokuwa darasa la sita ugonjwa wa ndigana uliingia zizini kwao, na mpaka bwana mifugo anafika, ng'ombe waliobaki walikuwa wanne. Tangu hapo Kabula alikuwa na neno moja, anataka kuwa daktari wa mifugo. Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka, alama zake zilitosha. Siku hizo kila chuo kilikuwa na fomu yake, na baba yake alikuwa ameshamletea fomu ya chuo kinachofundisha fani hiyo.

Alikuja shuleni kuchukua karatasi ya matokeo, akasimama mbele ya ubao wangu muda mrefu. Chuo chake alikikuta mbali chini, nyuma ya vyuo ambavyo hata hakuwahi kuvisikia. Akanifuata ofisini, akaniuliza taratibu kama ni kweli kile chuo ni kibaya hivyo. Nilikuwa na rundo la madaftari mbele yangu, na nilikuwa na uhakika wote duniani. Nikamwambia, "Kabula, mtu wa alama zako asijishushe." Nikafungua droo nikampa fomu ya chuo nilichokipigia mstari mwekundu. Akasema pale hawafundishi udaktari wa mifugo. Nikamjibu achague chochote, hata utawala wa biashara, jina la chuo litambeba. Akaipokea kwa mikono miwili, akaniambia asante mwalimu, akaondoka.

Maneno hayo bado nayasikia. Kumpoteza mtoto hakuhitaji ukali wala ubaya, kunahitaji tu mtu anayemwamini ajibu haraka.

Alhamisi ya wiki iliyofuata, siku moja kabla ya barua za mwisho za maombi kuondoka na basi, baba yake alikuja. Mzee Nkwabi alimpakia binti yake nyuma ya baiskeli kutoka Mwamapalala, shati limelowa mgongoni, fomu zote mbili ndani ya mfuko wa plastiki. Ile ya biashara ilikuwa imejazwa yote. Ya mifugo ilikuwa tupu.

Lazima mjue Mzee Nkwabi alikuwa nani. Hakujua kusoma, lakini alikuwa mtu wa kuitwa. Ukoo ukiposewa binti, kabla ya kukubali ng'ombe wa mahari, ulimchukua yeye aende kwenye zizi la upande wa pili akawatazame. Nilishawahi kumwona akifanya kazi hiyo, kwenye harusi ya mpwa wangu. Wenyeji walisifu zizi lao, kubwa, maarufu, kila mtu analijua. Yeye aliitikia kwa heshima, akaomba ng'ombe watolewe mmoja mmoja. Akatazama meno, akashika kiwele, akamtembeza kila mmoja aone anavyokanyaga. Akauliza mama yake huyu alikuwa na maziwa kiasi gani, na nani alimkamua. Aliwakataa watatu kutoka kwenye zizi lile maarufu, na wenye zizi hawakubisha.

Tulisalimiana, mwangaluka, mwangaluka, habari za ng'ombe, habari za mvua. Nikamvutia benchi karibu na ubao. Akasema Kabula ameacha kula vizuri tangu apewe fomu mpya, lakini akiulizwa anasema mwalimu ameshasema. Yeye hakuja kubishana na mwalimu. Amekuja kuomba kuelezwa.

"Hii karatasi," akasema, akinyoosha kidole kwenye kioo, "aliyewapanga hawa ni nani?"

Nikamwambia ni wataalamu wa Ulaya.

"Walifika huku?"

Nikasema sidhani.

"Sasa walihesabu nini?"

Nilikasirika, siwafichi. Nilikuwa na shahada, nilikuwa na kioo na kalamu nyekundu, na mtu asiyejua kusoma ananihoji mbele ya binti yake. Nikamwambia kwa sauti ya darasani kwamba wamehesabu ubora. Akatikisa kichwa polepole, bila ubishi.

"Ubora wa nini, mwalimu? Mimi nikiambiwa zizi fulani ni la kwanza, nauliza la kwanza kwa nini. Kwa wingi? Kwa pembe? Kwa maziwa? Mimi natafuta maziwa. Pembe za nini?"

Nilijua jibu lilikuwa limeandikwa mahali fulani, na nilijua ni mkono gani ulilikata.

Nikaingia ofisi ya Mama Limi. Mama Limi alikuwa karani wa shule, mwanamke asiyetupa karatasi. Kila kipande chenye nyuma nyeupe kilikuwa mali yake. Nikamuuliza kama amekiona kipande kirefu chenye Kiingereza kidogo. Akavuta trei yake, akapekua, akanipa. Kwa nyuma alikuwa ameandika orodha ya walimu wanaokunywa chai, jina langu likiwa na alama ya vikombe viwili. Nikageuza, nikasoma nimesimama, nikasoma tena nimeketi.

Ile orodha ilikuwa imepima tovuti. Ilihesabu chuo kina kurasa ngapi kwenye intaneti, mafaili mangapi, na tovuti nyingine ngapi zinakitaja. Na ilisema wazi, kwa Kiingereza ambacho hata mwanafunzi wa kidato cha pili angekielewa, kwamba haipimi ubora wa ufundishaji. Waandishi wake walikuwa waungwana, walikuwa wamesema kila kitu. Mimi ndiye niliyewanyamazisha kwa mkasi ili mlango ufunge.

Aibu iliyonishika ilikuwa na historia, kwa sababu mimi ni mtoto wa ngoma. Baba yangu alicheza mashindano ya baada ya mavuno, makundi mawili uwanja mmoja, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Mwaka mmoja kundi la baba lilicheza vizuri mpaka bibi zetu wakalia, na bado likashindwa, maana wapinzani walikuja na fisi aliyefungwa kamba. Uwanja mzima ulihamia kwa fisi. Nilikuwa mdogo lakini nilijua kwamba wale hawakucheza vizuri kuliko sisi, walikuwa na fisi tu. Nikakua, nikasoma, nikaenda Mwanza, nikamletea Kabula fisi.

Nilirudi kwenye benchi nikawasomea kipande chote kwa Kiswahili. Mzee Nkwabi alisikiliza mpaka mwisho, hakucheka, hakusema "nilijua." Aliuliza tu kama ile tovuti ni kitu kama bango. Nikasema ni kama bango. Kabula alikuwa anatazama chini.

"Kabula," nikasema, "nilikukosea. Nilikujibu kitu nisichokijua."

Akaniambia jambo ambalo nililistahili. "Mwalimu, ulisema nisijishushe. Wenzangu wote wamesikia. Nikienda kule watasema nimeshuka."

Msamaha wa kwenye benchi haukutosha. Nilifungua kioo, nikabandua orodha mbele ya wanafunzi waliokuwa wanapita, nikawaita. Nikawaeleza nilichokata na kwa nini, nikawaambia kwamba mshuka daraja ni mimi. Walicheka sana, na sikuwazuia. Kisha nikamwambia Kabula sitamchagulia tena, safari hii atatazama mwenyewe, ng'ombe mmoja mmoja.

Hapo Mama Limi akaniokoa mara ya pili. Kwa miaka mingi alikuwa akitunza kwenye boksi la chaki barua zote ambazo wanafunzi wetu wa zamani waliiandikia shule. Alianza kwa kupenda stempu, barua zenyewe zikabaki humo. Mimi, mshauri wa vyuo, sikuwahi kulifungua. Nilikuwa nimesafiri mpaka Mwanza kutafuta habari zilizokuwa chini ya meza ya jirani yangu.

Tulizisoma mchana ule. Mmoja kwenye chuo cha sifa kubwa aliandika kwamba ukumbi unajaa mpaka wanasikilizia dirishani. Mwingine alisema maabara yao ina darubini nzuri lakini ufunguo anao mtu mmoja, na mtu huyo hapatikani. Mwingine alikuwa chuo kidogo kisichojulikana, akasema mwalimu wao wa hesabu anamjua kila mtu kwa jina na kwa makosa yake. Kisha tukapata ya Dotto, kijana wetu aliyekuwa mwaka wa pili kwenye kile chuo cha mifugo. Aliandika kwamba mabweni yana kunguni, wali una mawe, na kwamba kila Jumanne wanaamshwa alfajiri kwenda zizini, ambako siku moja kabla ya kuandika alikuwa ameingiza mkono mzima ndani ya ng'ombe kupapasa ndama, na ng'ombe akamkalia.

Kabula alicheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu kidato cha tano. Akaomba kalamu. Aliijaza ile fomu tupu juu ya meza ya Mama Limi, herufi kubwa, bila kuniuliza chochote, na asubuhi yake bahasha iliondoka na basi la kupitia Lamadi.

Tangu siku ile nilibadili namna ya kufanya kazi hii ya ushauri. Sikuzitupa orodha, na msije mkasema babu kawaambia orodha ni uongo. Orodha ni chombo, lakini kila chombo kina kazi yake, hupimi maziwa kwa rula. Nilichofanya ni kuanzia chini ya karatasi. Kama imehesabu machapisho ya utafiti, inakufaa ukitafuta mahali pa kusomea uzamili, si lazima kwa mtoto anayeanza shahada ya kwanza. Kama imeuliza wasomi duniani wanakijua chuo gani, basi imepima umaarufu, na umaarufu husafiri polepole, chuo kinaweza kuharibika leo na sifa zake zikaendelea kutembea miaka kumi. Namba ya chuo kizima haikuambii kitu kuhusu idara yako. Ukitaka uuguzi, tafuta wauguzi waliotoka pale wanafanya kazi wapi, na kama baraza lao linaitambua ile shahada. Hakikisha kozi yenyewe ina ithibati, si jengo tu. Na tofauti ya namba ya tano na ya nane isikunyime usingizi, maana mwakani zitabadilishana.

Jambo jingine, msipange maombi yenu yote juu kileleni. Nilikuwa na kijana mmoja mwenye akili nyingi na haraka zaidi, aliomba vitatu vya juu tu vyenye ushindani mkali, akakosa vyote, akalima pamba mwaka mzima akiwa na alama nzuri kuliko waliokwenda. Weka kimoja cha kuthubutu, viwili vinavyolingana na alama zako, na kimoja ambacho hata kikikupokea peke yake utakwenda kwa moyo. Hicho cha mwisho ndicho mnachokijaza bila kufikiri, na ndicho wengi wenu mnakwenda kusoma.

Na tafuteni Dotto wenu. Mna simu, mimi nilikuwa na boksi la chaki. Mwanafunzi wa mwaka wa pili ni shahidi mzuri, ameshazoea kiasi cha kujua na bado hajasahau kulalamika. Muulizeni ni mara ngapi mwezi huu ameshika kifaa kwa mikono yake. Muulizeni mwalimu akikosa darasa nini kinatokea. Hayo hayamo kwenye orodha yoyote niliyowahi kuiona.

Kabula alipata nafasi. Mwaka wake wa pili alituandikia barua, juu ya bahasha ameandika "Kwa boksi la Mama Limi." Siku barua ilipofika, Mzee Nkwabi alikuwa mjini kwa ajili ya mnada, akapita shuleni, nikamketisha kwenye benchi lilelile nimsomee.

Binti yake alikuwa mkweli. Aliandika kwamba kunguni bado wapo, maji hukatika, na takwimu inamsumbua. Namba ya chuo chao kwenye orodha haijui, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Kisha akaeleza kwamba mwalimu wao aliwapeleka zizini, akawatolea mitamba kumi, majike ambao bado hawajazaa, akawaambia kila mtu achague mmoja wa maziwa na atoe sababu. Wenzake walimkimbilia mkubwa mwenye ngozi ya kung'aa. Yeye alitazama meno, akawatembeza, akamfuata mchungaji wa pale kumuuliza habari za mama zao, akachagua mdogo aliyesimama pembeni. Mwalimu akafungua kitabu cha kumbukumbu za maziwa, akakuta mama wa yule mdogo ndiye aliyewazidi wote, akamuuliza amejifunzia wapi kuchagua hivyo. "Nikamwambia," aliandika, "baba yangu ndiye mwalimu wangu wa kwanza wa somo hili."

Mzee Nkwabi alikuwa ameshika kofia yake magotini. Alitazama ubao wa matangazo, ambao siku hiyo ulikuwa na ratiba ya mitihani tu. Macho yalimlengalenga machozi, na yangu pia, sioni sababu ya kuficha.

"Wabeja, mwalimu," akanishukuru. Kisha akaongeza, "Pale mwisho, nisomee tena."

Nikamsomea tena.